Ndani ya Mita Mia Mbili

Siku Nduku aliponunua kunde katika soko la Matiliku, alitazama kwanza kulia na kushoto, kuhakikisha kwamba hapakuwa na mwanamke wa kanisani kwao karibu. Alichukua mafungu mawili ya majani, akayageuza kama mtu anayetafuta kasoro, akalipa bila kuomba nyongeza, kisha akayasukuma chini kabisa ya kikapu, chini ya sabuni na unga. Alikuwa ameshaanza kuondoka sauti ilipomfikia kutoka kwenye meza ya nyanya.

"Mama Kaloki! Ni wewe huyo unanunua kunde? Si ni kwako sisi wote tulikuwa tunakuja kuomba?"

Alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kufika viti vya nyuma. Nduku alijilazimisha kutabasamu. "Tumepumzisha shamba msimu huu."

"Mmepumzisha, au mmepumzishwa?" Wanawake wa meza ya nyanya walicheka. "Tumesikia Mutanu amewekewa ua na serikali. Eti hata kuku akitaka kuingia, lazima aandikwe kitabuni."

"Si serikali. Ni watu wa utafiti."

"Basi waambie wakutafiti na wewe."

Nduku alicheka pamoja nao, kwa kuwa kutocheka kungekuwa kushindwa mara mbili. Alipanda kilima kwa miguu. Alipofika mahali ambapo njia ilipita kando ya ua mpya wa waya, alihamisha kikapu kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, upande wa mbali na ua, kana kwamba mimea iliyokuwa ndani ingeweza kuona alichobeba.

Mambo yalikuwa hivi. Taasisi moja ya utafiti ilikuwa imetafuta shamba dogo la kujaribia kunde zilizobadilishwa katika maabara, kunde ambazo viwavi wanaotoboa maganda hawakuweza kuzila. Sheria ya nchi haikuruhusu mbegu za namna hiyo zitolewe nje ovyo kabla ya kujulikana zingefanya nini zikiwa udongoni, katikati ya mimea mingine, nyuki na watu. Kwa hiyo jaribio lilipaswa kuwa na ua, lango lenye kufuli mbili, kitabu cha wageni, na eneo la mita mia mbili kila upande ambamo mtu yeyote hangepanda kunde za kawaida. Baraza liliitwa, maswali yakaulizwa hadi jua likapungua, na mwishowe shamba lililochaguliwa likawa la Mutanu, kwa kuwa lilikuwa tambarare na karibu na barabara. Mutanu alikuwa mke wa Mutunga, na Mutunga alikuwa mdogo wake Kisilu, mume wa Nduku.

Kijana wa utafiti aliyeitwa Ben alipima kwa kamba. Mita mia mbili ziliishia nyuma ya choo cha Nduku. Shamba lake lote, kutoka mwembeni hadi kwenye mawe, lilikuwa ndani.

Mutanu alipata kodi ya shamba, mabuti ya kijani, koti lenye nembo mfukoni, na ufunguo mmoja wa lango. Ufunguo wa pili ulikaa na Ben. Nduku alipata karatasi ya kutia sahihi kwamba hatapanda kunde. Kisilu, ambaye alikuwa fundi wa mawe, alikuwa ametia sahihi yake kabla ya kumuuliza mkewe, kwa sababu aliahidiwa kazi ya kuchimbia nguzo za ua.

"Ni msimu mmoja tu," alimwambia jioni hiyo akinawa saruji mikononi. "Panda mahindi. Panda ndengu. Dunia haitaisha."

"Na kwenye kibuyu cha Mwaitu nipeleke ndengu?"

Kisilu aliacha kunawa. Hilo hakuwa amelifikiria.

Katika boma lao mbegu za kunde hazikununuliwa. Kila baada ya mavuno, wake wa boma walipeleka bakuli moja moja kwa mama mkwe wao, Ndinda, ambaye wote walimwita Mwaitu, yaani mama. Yeye alizimwaga katika ungo, akazichagua, akazichanganya na za mwaka uliotangulia, kisha akazifunga kibuyuni pamoja na majivu. Kutoka humo kila mmoja alipimiwa mbegu za kupanda. Mbegu hizo hazikutoka bomani. Msichana hakuolewa nazo, na mke hakuzipeleka kwao. Aliyeleta bakuli bora aliitwa kuketi mkekani kando ya Mwaitu, na kwa miaka kumi na tisa aliyeketi hapo alikuwa Nduku. Mara moja tu, miaka sita iliyopita, bakuli lake lilipungua konzi nzima lilipoachwa barazani kwa muda mfupi. Aliwalaumu kuku na akamchinja jogoo kwa hasira. Hata hivyo aliketi mkekani.

Mwaka huu hangekuwa na bakuli. Lakini Mutanu, ambaye alikuwa na shamba la pili ng'ambo ya kijito, mbali na mita mia mbili, angeleta lake kama kawaida.

*

Wivu wa Nduku haukuwa wa kelele. Ulikuwa wa kusikiliza. Asubuhi aliyasikia mabuti ya Mutanu yakipita njiani, kwap, kwap, akajua ni saa moja. Aliusikia mnyororo wa lango. Alisikia Mutanu akimsomea Ben nambari kutoka kwenye daftari, polepole lakini bila kukosea, na hilo ndilo lililomchoma kuliko koti na kodi. Wao wawili walikuwa wameanza pamoja darasa la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa, wakigawana penseli moja. Nduku aliacha katika muhula wa pili, siku ambayo Mutanu alisoma ukurasa mzima na mwalimu akawaambia wengine wapige makofi. Alisema macho yanamuuma. Hata ile karatasi ya mita mia mbili aliitia kidole gumba, ingawa jina lake alijua kuliandika.

"Leo tumehesabu maua," Mutanu alimwambia siku moja wakichota maji kwenye tangi. Alisema kwa furaha, kama mtu anayegawa kitu kitamu.

"Maua nayo huhesabiwa?"

"Kila kitu huhesabiwa, Mama Kaloki. Maua, maganda, hata nyuki."

"Na nyuki wakivuka mita mia mbili, nao hutia kidole gumba karatasini?"

Mutanu alicheka kweli kweli, akalirudia neno hilo kwa Ben, naye Ben akacheka. Nduku alisikia kicheko chao kupitia waya, naye akaona wamemwibia hata mzaha wake.

*

Mavuno yalipofika, Mutanu alikuja hadi jikoni kwa Nduku, akavua mabuti mlangoni.

"Ben anataka wanawake sita wa kuvuna kwa siku moja. Nimempa jina lako kwanza."

"Kwa hiyo nimekuwa kibarua wako."

"Si wangu. Ni wa Ben."

"Na lango atanifungulia nani?"

Mutanu alisitasita. "Mimi."

"Umejibu," alisema Nduku, akageukia sufuria. Lakini siku ilipofika alienda, kwa sababu alitaka kuona.

Masharti yalisomwa langoni: nguo isiyo na mifuko, viatu kupigwa brashi wakati wa kuingia na wa kutoka, leso kukung'utwa, vitambaa vya kichwa kuvuliwa na kukaguliwa wakati wa kutoka, hata jani moja la mboga lisitoke. Mwanamke mmoja aliuliza kama pumzi inaruhusiwa kutoka, na Ben akamjibu kwamba hiyo haijaandikwa.

Nduku aliingia katika mistari, akafungua ganda la kwanza kwa ukucha. Halafu la pili. Hapakuwa na tundu. Alifungua la tatu, la nne, kwa haraka ya mtu anayetafuta uongo. Mbegu zilikuwa zimejipanga ndani yake, zenye rangi ile ile ya udongo mwekundu kama za kwao, kwa kuwa mbegu hizo zilitokana na kunde ya huku huku. Lakini zilikuwa nzima zote. Miaka kumi na tisa alikuwa ameamka na umande kutoa viwavi kwa vidole, na bado theluthi ya maganda yake yalikuwa vumbi ndani. Mutanu alikuwa amevaa mabuti tu.

Katika mstari wa saba aliinama kama mtu anayefunga kitambaa chake upya. Aliponyanyuka, maganda kumi na moja yalikuwa yamelala kuzunguka kichwa chake, ndani ya mkunjo.

Langoni Mutanu aliwakagua mmoja mmoja. Aliwakung'uta leso, akawapapasa mikono ya blauzi, akawafungua vitambaa na kuvirudisha. Wanawake walilalamika kwa utani. Kisha ikawa zamu ya Nduku. Mikono ya Mutanu ilipapasa kiunoni, ikapanda mabegani, ikasimama hapo. Katika boma lao, mke wa mdogo hakumgusa kichwa mke wa mkubwa, wala hakumwambia akifunue mbele ya watu. Haikuwa sheria ya kuandikwa. Ilikuwa vile mtu alivyojua mahali pa kuketi na wakati wa kunyamaza.

Nduku alimtazama machoni, akangoja.

"Pita, Mama Kaloki," alisema Mutanu.

Ben alikuwa amewapa mgongo akifunga magunia kwa lakiri. Katika daftari Mutanu aliandika kwa herufi zake za mviringo: Wote wamekaguliwa. Akatia sahihi.

*

Jumamosi iliyofuata Mwaitu alitandika mkeka nje ya nyumba yake. Mutanu alifika na bakuli lililojaa. Nduku alifika na bakuli ambalo ndani yake mlikuwa na konzi moja tu.

"Na wewe si ulikatazwa kupanda?" Mwaitu aliuliza.

"Ni za msimu uliopita, Mwaitu. Zile bora nilizificha."

Mwaitu alizimwaga mkononi, akazileta karibu na macho, akazigeuza kwa kidole gumba. Kisha akaita, ingawa wote walikuwa karibu: "Njooni muone! Mwaka mzima zimekaa, na hakuna hata moja iliyotobolewa. Huyu ndiye mwanamke niliyemwozesha mwanangu."

Bakuli la Mutanu alilipokea bila neno. Alizitandaza mbegu zake katika ungo, akaanza kuzirusha zilizotobolewa, moja moja, kwa ukucha, kwa kuku. Zilikuwa nyingi. Kuku waliongezeka. "Umevaa mabuti hadi umesahau kuchagua," alisema.

Macho ya Mutanu yalikuwa kwenye mbegu za Nduku katika kiganja cha Mwaitu. Alijua mbegu ya mwaka mmoja inavyofifia, na zile hazikuwa zimefifia. Zilikuwa na mng'ao wa wiki hiyo. Nduku alimwona akitazama. Aliketi mkekani, akakunja miguu, na utamu wa mahali pale ukamwingia hadi mifupani, hata kama ulikuwa na kitu kichungu pembezoni.

Mwaitu alimwaga mbegu za Nduku kwanza, kisha za Mutanu, kisha za mwaka uliopita. Akatia majivu, akachanganya kwa mkono hadi kiwikoni. Aliziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi la mahindi, akausiriba kwa mavi ya ng'ombe.

*

Siku ya tatu Mutanu alimkuta Nduku kwenye tangi. Hakuwa amevaa koti.

"Mama Kaloki, nikuulize kitu, lakini usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Mstari wa saba umepungukiwa maganda kumi na moja. Yalihesabiwa siku moja kabla ya mavuno."

"Panya."

"Panya huacha maganda."

"Basi ndege. Mbona unakuja kwangu? Si tulikuwa sita?"

"Watano niliwafungua vitambaa," alisema Mutanu.

Maji yalifurika kwenye mtungi wa Nduku, naye hakuufunga mfereji. "Niguse basi. Si niko hapa? Niguse sasa."

Mutanu aliinamisha uso. "Alhamisi anakuja mkaguzi kutoka Nairobi. Niliandika kwamba wote wamekaguliwa. Hiyo ni sahihi yangu. Wanaweza kunipeleka mahakamani."

"Si wewe ndiye uliyepigiwa makofi kwa kujua kusoma?" Nduku alijitwika mtungi. "Soma basi."

Alitembea hadi nyumbani akiwa amenyooka. Alijaribu kuifurahia hofu aliyoiona katika uso ule, kwa kuwa msimu mzima alikuwa ameitamani. Aliifurahia hadi mlangoni. Alipoutua mtungi, aligundua kwamba nusu ya maji yalikuwa yamemwagika mgongoni mwake bila yeye kuhisi.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga hijabu ya kahawia, aliyezaliwa Garissa, jina lake Fartun. Aliwasalimia wote kwa mkono, akaketi kwenye kigoda alichopewa, akakataa kiti kizuri kilicholetwa baadaye. Watu wa boma walikuwa wamekusanyika uani kwa Mwaitu: Kisilu, Nduku na Mutanu; Mutunga alikuwa kazini Mombasa. Ben alisimama kando akishika daftari kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Sikuja kutafuta mwizi," Fartun alisema. "Nimekuja kutafuta mbegu. Kama zimeliwa, niambieni zimeliwa. Kama zimepandwa, nionyesheni mahali. Kitu ambacho siwezi kurudi nacho ofisini ni kutojua ziko wapi."

"Kwani ni sumu?" aliuliza Mwaitu.

"Sijui, mama, na sitaki kukudanganya. Ndiyo sababu ya ule ua. Zichunguzwe kwanza, watu waelezwe, ndipo iamuliwe kama zitatoka au hazitatoka. Lakini mbegu ikishatoka yenyewe, ikaota, ikazaa, hakuna barua nitakayoiandikia ikarudi."

Mwaitu alitikisa kichwa. "Katika nyumba yangu hakuna mtu aliyechukua. Huyu mkubwa," alimwonyesha Nduku, "miaka kumi na tisa sijapotezewa hata punje mikononi mwake. Kama mna la kuuliza, muulizeni mwenye ufunguo. Mabuti ni yake, lango ni lake."

Hayo ndiyo maneno ambayo Nduku alikuwa ameyangoja tangu nguzo ya kwanza ichimbiwe: kwamba awekwe yeye juu ya Mutanu, hadharani, kwa mdomo wa Mwaitu mwenyewe. Yalikuja yote kwa mpigo mmoja.

Fartun alimgeukia Mutanu. "Umeandika wote walikaguliwa. Ni kweli?"

Kisilu alikohoa. Mutanu alisimama, ingawa hakuambiwa asimame.

"Si kweli. Mtu mmoja sikumkagua kichwa. Kwetu hapa mke wa mdogo hamgusi kichwa mke wa mkubwa. Nilijua sheria inasema kila mtu, nikaandika kila mtu, lakini mikono yangu ilikataa. Sisemi kwamba amechukua. Sijaona. Ninasema niliandika uongo, na kosa ni langu."

"Unamwita mwizi mbele ya wageni?" Mwaitu aliinuka nusu. "Wewe?"

"Sijamwita, Mwaitu."

"Umemwita!"

Nduku alimtazama Mutanu akisimama pale na malapa ya plastiki, mikono imelegea, akitukanwa bila kujitetea. Si huruma iliyomjia kwanza. Ulikuwa wivu ule ule, mkali kuliko siku zote. Mutanu alikuwa amepata ua, mabuti, daftari na makofi. Sasa alikuwa karibu kuondoka na ukweli pia, peke yake, ukiwa wake wote, na yeye Nduku abaki na mkeka. Hilo hangeliweza.

"Ziko ndani ya kibuyu," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia, kwa sauti ya mtu anayeomba njia: "Maganda kumi na moja. Niliyatia kichwani. Zile mbegu ulizozisifu, Mwaitu, si za mwaka jana. Ziko ndani ya kibuyu."

*

Mwaitu mwenyewe ndiye aliyekileta kibuyu. Alikipakata kama mtoto mgonjwa, akakibandua gunzi, akamwaga kila kitu katika ungo. Majivu yakapanda.

"Chukua zako," alimwambia Fartun. "Chukua zako uniachie zangu. Hizi zangu zilikuwa za mama mkwe wangu kabla sijajua kupika."

Fartun aliinama, akatazama.

"Nduku." Mwaitu hakusema Mama Kaloki. "Wewe unayejua mbegu kuliko wote. Zitenganishe."

Nduku alipiga magoti mbele ya ungo. Alipuliza majivu, akachukua mbegu moja, akaiweka kulia. Akachukua nyingine, akaiweka kushoto. Ya tatu aliishika kwa muda mrefu. Zilizotobolewa zilikuwa zimeshatolewa kwa kuku. Zilizobaki zote zilikuwa nzima, zote nyekundu, zote zimevaa majivu. Aliirudisha ile ya kulia katikati, kisha ya kushoto. Alizigusa kwa viganja vyote viwili, kama mtu apapasaye gizani, na vidole vilivyojua mbegu kwa miaka kumi na tisa havikumwambia chochote.

"Siwezi," alisema.

Zilichomwa alasiri hiyo katika shimo ndani ya ua, na Ben akapiga picha kwa ajili ya ripoti. Kuku waliokula zile za kutupwa hawakuwa na kosa, kwa sababu zilikuwa za Mutanu, lakini Fartun aliliandika hilo pia. Kibuyu kilichokuwa kitupu alimrudishia Mwaitu kwa mikono miwili. Kisha akamsomea Nduku maelezo yake, neno kwa neno, akamwonyesha mahali pa kidole gumba. Nduku aliomba kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja.

Jaribio lilisimamishwa. Nduku aliandikiwa barua ya onyo, Mutanu naye yake. Shamba la ua lingebaki tupu kwa misimu miwili, likikaguliwa ili kila mche utakaoota wenyewe ung'olewe, na mita mia mbili zingebaki pale pale. Mutanu aliyarudisha mabuti, koti na ufunguo. Aliyaosha kwanza mabuti, akayaanika kwenye ua, nyayo juu. Nduku aliyaona alipokuwa akipita, akangoja furaha ije. Haikuja.

"Ungeniambia tu kwamba ulitaka mbegu," Kisilu alimwambia jikoni. "Ningekutafutia hata Mbooni."

"Ningekuambia nini? Kwamba nina wivu na mke wa ndugu yako?"

"Hilo nilikuwa najua," alisema Kisilu. "Boma zima lilikuwa linajua. Tulifikiri litaisha na mvua."

*

Mwishoni mwa Februari Mutanu alienda kwao Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi, akakaa siku mbili. Aliporudi hakupitia nyumbani kwake. Alienda moja kwa moja kwa Mwaitu, akatuma watu wamwite Nduku. Walikuwa hawajasemezana kwa majuma manne.

Mwaitu alikuwa ameketi mkekani mlangoni, kibuyu kitupu kikining'inia nyuma yake. Mutanu alitoa kwenye kikapu mfuko wa unga uliofungwa kwa uzi, akaufungua, akaumwaga kidogo katika ungo. Zilikuwa kunde nyekundu.

"Hizi ni za mama yangu," alisema. Alikuwa akimtazama Mwaitu, lakini maneno yalikuwa yakienda kwa Nduku. "Na zake alizipata kwangu. Miaka sita iliyopita. Nilichukua konzi moja kutoka bakuli la Mama Kaloki, likiwa barazani."

Nduku alimgeukia.

"Ulichukua?"

"Nilichukua."

"Nilimchinja jogoo! Jogoo mzima, Mutanu! Kwa ajili ya konzi ile!"

"Najua. Nililetewa paja nikalila."

"Ulikuwa na zako!"

"Hazikuwa kama zako." Mutanu alivuta uzi kwenye vidole vyake. "Kila mwaka wewe mkekani, kila mwaka mimi pembeni. Nilitaka kuwa na kunde zako mahali ambapo hutaziona. Basi."

Mwaitu alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Kwa hiyo," alisema polepole, "nina wana wawili, na wote nikawaozesha wezi." Alivuta ungo hadi mapajani pake. Alizigeuza mbegu kwa kidole gumba, akazileta karibu na macho. "Ni zenyewe," alisema. "Ni zenyewe hizi." Akazipitisha zote, moja moja.

Nduku alisogea bila kuitwa. Alichukua chache. Zilikuwa na matundu machache, kama mbegu za watu. Lakini zilikuwa nene kidogo kuliko zake, na hilo alilitambua mara moja, hata katika saa ile.

"Mama yako huzitilia nini?"

"Samadi ya mbuzi."

"Kiasi gani?"

"Ndoo moja kwa kila mstari."

"Mimi nitatia mbili."

"Utatia wapi?" Mutanu aliuliza, bila ubaya. "Kwako ni ndani ya mita."

Ilikuwa kweli. Shamba pekee la boma lililobaki nje ya mita mia mbili lilikuwa lile la Mutanu, ng'ambo ya kijito. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Mbooni, na mvua haingengoja watu wapatane.

"Tugawane mistari," alisema Mutanu. "Ya juu na ya chini."

"Ya juu ina mawe."

"Mama Kaloki, shamba ni langu."

"Na mbegu ni zangu. Umesema mwenyewe mbele ya Mwaitu."

Mwaitu alinyanyua mkono, wakanyamaza. Alipima mbegu za kibuyuni kwanza, kisha akatafuta chombo cha kutilia zile za kupanda. Hakikuwepo; mfuko wa unga ulikuwa umepasuka. Nduku alijipapasa. Hakuwa amevaa leso. Alisimama kidogo, kisha akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo, akakivua kitambaa cha kichwa na kukitandaza mkekani.

Mwaitu akamimina mbegu juu yake. Mutanu alikiona kichwa cha mke wa mkubwa kwa mara ya kwanza tangu aolewe: nywele fupi, mvi zilizojaa utosini, kovu dogo juu ya sikio. Akageuza uso haraka.

"Tazama tu," alisema Nduku, akikunja pembe za kitambaa. "Lakini mistari ya chini ni yangu."